Kubeba Vichache, Kudaiwa na Wengi

Miaka hii ya karibuni, katika mafundisho ya wachumba, tunasikia swali ambalo waliotutangulia hawakuulizwa. Wachumba wawili wanataka kujua kama ni vibaya mume na mke kuanza maisha ya ndoa bila nyumba, bila viti, bila frigo. Kila mmoja na mfuko wake mgongoni, wakikaa miezi mitatu katika nchi hii na miezi sita katika nchi ile, wakiishi kwa kazi inayofanyika kwa kompyuta. Wameiona mifano katika simu zao: mume na mke wa Kanada au wa Ujerumani waliouza nyumba na gari, wakagawa nguo, na sasa wako Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na baada ya miezi michache watakuwa Lisbon. Katika picha hizo jua linatua daima, wala hakuna anayeonekana akifua.

Wazee wengi wa parokia hulijibu swali hilo kwa neno moja: uvivu. Sisi hatukubaliani nao. Lakini hatukubaliani pia na vijana wanaodhani kwamba mtu aliyepunguza vitu vyake amepunguza na madeni yake kwa watu.

Tutazame kwanza maisha yenyewe, maana yana kazi kuliko picha zinavyoonyesha. Mashirika mengi ya ndege za bei nafuu huko Asia humruhusu abiria kuingia na mzigo wa kilo saba tu; kinachozidi hulipiwa. Kwa hiyo watu wa namna hiyo hupima kila kitu: mashati matatu, suruali mbili, viatu jozi moja na ndala, sweta, kompyuta, nyaya, dawa, vyeti. Nguo hufuliwa usiku katika beseni la kunawia mikono na kuvaliwa asubuhi. Ukinunua shati jipya, la zamani unaliacha. Hawalali hotelini, kwa kuwa hoteli ingewamaliza mapema. Hupanga chumba chenye jiko kwa mwezi mzima au kwa miezi mitatu, ambavyo ni nafuu kuliko kulipa usiku mmoja mmoja, na hupika wenyewe. Wengine hulinda nyumba ya mtu aliye safarini, wakilisha mbwa wake na kumwagilia bustani yake, nao hulala bure. Kadi za benki huwekwa katika mifuko miwili tofauti, ili mmoja akiibiwa, mwingine aweze kununua mkate. Na kazi ipo: kutafsiri, kuandika programu za kompyuta, kufundisha lugha, kutunza hesabu za kampuni iliyo mbali. Kampuni ikiwa Toronto nao wakiwa Chiang Mai, tofauti ya saa ni kumi na moja au kumi na mbili. Mkutano wa asubuhi kule ni wa usiku kwao.

Katika maisha hayo limo jambo tunalolisifu bila kusitasita. Tumeona nyumba changa zikianza na deni: deni la mahari, deni la sherehe, deni la viti vya saloni ambavyo hufunikwa kitambaa mwaka mzima visikaliwe na mtu ila mgeni wa heshima. Tumeona ndoa ikiahirishwa mara tatu kwa kungojea frigo, katika mtaa ambamo umeme huja mara mbili kwa juma. Watu wawili wanaoweza kukaa pamoja, wakaandika vitu vinavyowatosha, wakaviacha vingine bila kuona haya mbele ya majirani, wamekwisha kufanya mazungumzo ambayo wengine hawayafanyi hata baada ya miaka ishirini ya ndoa.

Wala jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Sisi tuliosomea ualimu tunakumbuka jinsi mwalimu kijana alivyotumwa shule ya mbali. Alipakia sanduku la bati, godoro, sufuria mbili na vitabu vyake katika lori, mke wake akaketi juu ya mzigo, wakashuka mahali ambapo lugha ya soko hawakuijua. Walikaa miaka mitatu, pengine kumi, kisha wakahamishwa tena. Hakuna aliyelipa jambo hilo jina la pekee. Lakini mwalimu yule alifika akiwa anangojewa. Kijiji kilimpa nyumba ya udongo na kipande cha shamba. Mke wake alionyeshwa chemchemi na wanawake wa hapo. Naye alidaiwa watoto mia moja wajue kusoma. Alikuwa na vitu vichache na madeni mengi, na madeni hayo ndiyo yaliyomfanya awe mtu wa mahali pale.

Picha za simu huficha pia karatasi. Raia wa Kanada huingia katika nchi za Ulaya za eneo la Schengen bila viza, akakaa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Kisha huhamia nchi nyingine akingoja siku zake zirudi. Mkongomani huomba viza kwanza. Tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudishwi. Mume na mke hulipa mara mbili, nao waweza kujibiwa tofauti, mmoja ndiyo na mwingine hapana. Ni kweli kwamba nchi kadhaa zimefungua mlango kwa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta: Estonia mwaka 2020, Ureno mwaka 2022, Thailand mwaka 2024. Lakini yatazameni masharti. Ureno humdai mwombaji athibitishe mapato ya mwezi yasiyopungua mara nne ya mshahara wa chini wa nchi hiyo. Mwaka 2024 hizo zilikuwa euro 3,280. Thailand hutoa viza ya miaka mitano, ambayo kila unapoingia unaruhusiwa kukaa siku 180, ila sharti uonyeshe akiba ya bahti 500,000, yaani zaidi ya dola elfu kumi na tatu. Mwalimu wa shule ya msingi katika nchi yetu, hata akijumlisha mishahara yake ya miaka mitano bila kula, hafiki huko.

Basi uhuru ule unaoonekana una nguzo mbili ambazo hazipigwi picha: pasipoti inayofungua milango, na mshahara wa fedha yenye nguvu unaotumiwa mahali ambapo fedha ni dhaifu. Kijana asiyelijua hilo atajaribu, atagonga ukuta, na atadhani kwamba kosa ni lake. Hatusemi hivyo ili kumfungia mtu njia. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2023 Kenya haimdai tena Mkongomani viza. Kiswahili chetu, hata kama watu wa Dar es Salaam watakicheka kidogo, kitatufikisha sokoni na kuturudisha. Anayetaka kujifunza kuishi ugenini ana pa kuanzia bila kupita kwenye ubalozi wa nchi yoyote ya Ulaya.

Kuna neno jingine ambalo tunapenda kulisema kwa upole. Mashariki mwa nchi yetu watu wanaohesabiwa kwa mamilioni wameondoka kwao, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wao pia wanaishi na vichache, mwaka baada ya mwaka, nao hawakuchagua. Katika vikundi vyenu wamo waliokulia kambini. Mnapozungumza juu ya uzuri wa kutokuwa na vitu, angalieni ni nani aliyeketi karibu nanyi. Kuacha kiti ni fadhila kwa mtu aliyekuwa na kiti.

Sasa tufike kwenye jambo tunalolijua zaidi, yaani hao wawili wenyewe. Nyumbani kwetu ndoa haisimami juu ya watu wawili peke yao. Mke akikasirika huenda kwa shangazi. Mume akipotea njia huitwa na mjomba. Wasimamizi wa ndoa hubisha hodi bila kualikwa. Shirika la msingi huona kwamba mmoja amekuja na mwingine hakuja, nalo huuliza. Mara nyingi maulizo hayo huchosha, twakubali, na kuna vijana wanaotamani kwenda mbali hasa kwa ajili ya kuyakimbia. Lakini mwondoe shangazi, mwondoe mjomba, waondoe wasimamizi na majirani, kisha waweke watu wawili katika chumba cha hatua nne kwa tano, ambamo wanalala, wanapika na kufanya kazi. Hapo kila mmoja amekuwa kwa mwenzake mume au mke, na pia ndugu, rafiki, mfanyakazi mwenzi, mfasiri na muuguzi. Mmoja akiugua malaria katika mji ambao daktari wake hajawahi kuiona, mwingine ndiye kijiji chote. Ni kazi kubwa kwa mtu mmoja, tena mwenye usingizi, kwa sababu mkutano wa Toronto ulikwisha saa nane za usiku.

Na ugenini ipo dawa ya ugomvi iliyo mbaya kuliko ugomvi wenyewe, nayo ni tiketi. Wakigombana, mji ule unaanza kuwachukiza: joto limezidi, chakula hakifai, mwenye nyumba ana kelele. Wanahama. Juma la kwanza katika mji mpya ni tamu, kwa maana kuna mengi ya kutazama pamoja. Baada ya miezi miwili ugomvi ule ule unawafikia, kwa kuwa wenyewe hauombi viza.

Kwa hiyo tunawaambia wachumba mambo ambayo hayafanani sana na mafundisho ya dini, lakini sisi tunayaona kuwa ya mapendo. Kila mmoja ashike pasipoti yake mwenyewe. Kila mmoja awe na fedha za kumrudisha nyumbani peke yake, mahali ambapo hahitaji kumwomba mwenzake ruhusa. Mwanamke anayeweza kurudi kwao leo, naye akaendelea kubaki, mume wake anajua kwamba amependwa. Asiyeweza kurudi, hakuna anayejua. Ndoa iandikishwe serikalini kabla ya safari, kwa maana afisa wa uhamiaji hatambui mahari wala wimbo wa arusi, anataka cheti. Na wajue mapema kwamba katika nchi nyingi kibali cha kukaa cha mmoja hutegemea kibali cha mwingine: mwenye kazi akiipoteza au akiondoka, mwenzake hubaki bila karatasi. Nani atatafuta kazi kwanza, nani atamfuata, na baada ya muda gani watabadilishana zamu? Hayo yazungumzwe hapa, mbele ya wasimamizi, mchana.

Juu ya watoto hatusemi mengi. Mtoto mchanga hubebwa kokote. Bali mtoto wa miaka saba anataka shule, na anataka rafiki wa mwaka jana.

Wako wengine wanaoguswa na mzigo mwepesi wa hao wawili, nao ni wenyeji. Mwezi wa Juni 2024 mji wa Barcelona, huko Hispania, ulitangaza kwamba kufikia mwaka 2028 utaviondoa vibali vyote vya nyumba za kupangishwa watalii, ambavyo vilikuwa zaidi ya 10,000. Mwezi uliofuata wakaaji waliandamana, na baadhi yao wakawarushia maji wageni waliokuwa mezani, kwa bunduki za plastiki za watoto. Mwezi wa Julai 2025 watu wa Mexico City nao walitoka barabarani, katika mitaa ya Condesa na Roma, wakilalamika kwamba wageni wanaolipwa dola wamepandisha kodi za nyumba. Wageni hao si watu wabaya. Kila mmoja alitafuta tu chumba cha bei nafuu. Lakini chumba kilicho nafuu kwa anayelipwa dola chaweza kuwa ndicho alichotolewa mshonaji anayelipwa peso. Watu wa Goma na wa Bukavu hawahitaji kuelezwa zaidi; wameona wenyewe kodi zinavyohesabiwa kwa dola mahali wanapofika wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa. Ajabu ni kwamba kijana aliyeikasirikia hali hiyo kwao anaweza kuota kuwa yeye ndiye mgeni huyo mahali pengine.

Mume na mke waliokaa ugenini kwa namna nyingine mnawajua kutoka Matendo ya Mitume. Akila alizaliwa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi. Yeye na mke wake Prisila walitoka Italia kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi katika Roma, karibu na mwaka 49. Wakakaa Korinto, kisha Efeso, na baadaye twawakuta tena Roma. Walikuwa washona mahema, kazi ambayo mtu huenda nayo mikononi. Agano Jipya lawataja mara sita, daima wote wawili pamoja, na mara nne jina la mke hutangulia. Huko Korinto walimpokea Paulo, akashona pamoja nao. Huko Efeso walimchukua Apolo, mhubiri hodari aliyejua nusu ya mambo, wakamfundisha kando bila kumwaibisha. Na huko Efeso na Roma waamini walikusanyika nyumbani kwao. Watu hao walihamahama kuliko wengi wetu, na kila walipohama kuna waliopungukiwa. Hicho ndicho kipimo tunachowapa vijana: mkiondoka katika mji, ni nani atakayegundua kwamba chumba chenu ki kitupu, mbali na mwenye nyumba?

Lakini neno zito kuliko yote linahusu waliobaki nyumbani. Mzigo ambao hao wawili wameutua, mara nyingi haukutoweka. Umechukuliwa na mtu mwingine. Mama mwenye ugonjwa wa sukari anataka mtu wa kumsindikiza hospitali. Watoto wa ndugu aliyekufa wanataka ada ya shule. Kaburi la baba lina majani. Katika kila jamaa yuko dada au kaka aliyebaki katika lupangu la wazazi, naye haonekani katika picha yoyote. Hana mfuko wa kilo saba. Ana funguo za nyumba, deni la dawa na simu inayolia usiku. Tumeketi na dada wa namna hiyo baada ya misa, si mara moja. Hawawachukii ndugu zao walio mbali, na wengine hujivuna nao. Wanachouliza ni kidogo sana: mbona hakuniuliza?

Kutuma fedha ni jambo jema, na jamaa nyingi zisingekula bila fedha hizo. Hata hivyo fedha haiketi kitandani pa mgonjwa. Mzazi wa Kanada ana pensheni ya serikali, kwa hiyo mwana wake anaweza kuuza nyumba na kuondoka bila mama kulala njaa. Kwetu, pensheni ya wazazi ni sisi. Mkongomani anayeiga safari ya Mkanada bila kuikumbuka tofauti hiyo anasafiri kwa mgongo wa dada yake. Tunawaomba hao wawili waketi na ndugu wa pande zote mbili kabla ya kununua kitu chochote, wapatane nani atamsindikiza mama, kiasi gani kitatumwa kila mwezi, na mwaka gani watarudi kushika zamu ili yule aliyebaki naye aweze, akipenda, kufunga mfuko wake. Masikilizano hayo yaandikwe. Tumeona jamaa zikisikilizana kwa maneno matupu, kisha kwenye matanga kila mmoja akakumbuka maneno mengine.

Basi wachumba wakituuliza, jibu letu ni ndiyo, ila tunaomba jaribio. Baada ya arusi waende miezi sita katika mji wa nchi yetu wenye amani ambamo hakuna anayewajua: wa Lubumbashi waende Kisangani, wajifunze Kilingala cha sokoni, wengine waende Kananga, wajifunze Kiluba cha Kasai. Wachukue chumba kimoja na mifuko miwili, waishi kwa mapato yao wenyewe, wasiombe kitu kwa wazazi. Kabla ya mwezi wa kwanza kwisha wajipeleke kwenye shirika la msingi la mtaa ule, na watafute mume na mke wazee ambao watawapa ruhusa ya kuwakemea. Wawe na daftari moja, waandike humo kila jioni: nani alipika, nani alilipa, nani aliuliza hali ya mama, nani alikasirika na kwa sababu gani. Mwisho wa mwezi wa sita watuletee daftari hilo, tulisome pamoja na wasimamizi wao, kabla ya kutuonyesha tiketi.